Ndago ya kivulini ni mmea gani?

Mkulima wa Tabora akisikia neno ndago, anaona magugu: yale yenye vinundu chini ya ardhi, ambayo ukiyakata kwa jembe yanachipua upya. Lakini hiyo ni ndago moja tu katika ukoo wenye spishi (aina za mimea) zaidi ya 5,000. Mafunjo ya mabwawa ya Malagarasi ni ya ukoo huohuo. Zimo pia ndago za kupanda kwa makusudi uani, penye kivuli ambapo nyasi hukonda na kufa. Hizo ndizo ndago za kivulini: huota kwa vichaka, hubaki kijani mwaka mzima, wala hazidai kufyekwa kila wiki.

Kuitofautisha ndago na nyasi, shika bua ulizungushe kati ya vidole. Bua la nyasi ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi ni tupu ndani. La ndago, kwa aina nyingi, lina pembe tatu, limejaa, halina vifundo. Majani ya nyasi hupangika safu mbili, ya ndago safu tatu. Mimi naamini vidole kuliko picha, kwa kuwa kwa macho mimea hii hufanana mno.

Japani, Ulaya na Marekani hupanda kivulini ndago za jenasi (kundi dogo ndani ya ukoo) ya Carex, yenye spishi kama 2,000. Nyingi katika hizo zimezoea baridi; sioni sababu ya kuziagiza. Afrika tunayo ndago mwavuli, Cyperus involucratus, ambayo kileleni hutandaza majani membamba kama mbavu za mwavuli. Inavumilia kivuli cha wastani. Kiu ndiyo haivumilii, na kiangazi cha Tabora ni kirefu. Basi usiipande kwenye vumbi kavu la shina la mwembe; iweke ukingoni mwa kivuli, karibu na bomba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea mboga.

Kuizalisha kunanifurahisha kila mara: kata kichwa na kipande kifupi cha bua, punguza majani, kiinamishe kichwa chini ndani ya kopo la maji. Mizizi na machipukizi hutokea katikati ya mwavuli. Baada ya hapo kazi ni kukata mabua yaliyokauka tu.

Ukipewa shina na jirani, osha mizizi kwanza. Ukiona vinundu vidogo vimeshikana kwa nyuzi, hiyo ni ndago ya shambani, usiiingize uani.