Pauda au rangi ya kupuliza kwa pikipiki ya zamani? Uliza kwanza inalala wapi

"Fundi, hii tuipige pauda au tuipulize?" Mteja akiniuliza hivyo, mara nyingi ameshaamua moyoni. Ameona madirisha ya alumini yaliyokaa miaka bila kuchunika, naye anataka fremu yake idumu vivyo hivyo. Mimi namuuliza pikipiki inalala wapi. Hapa Dar, inayolala Kimara, mbali na bahari, na inayolala Kigamboni, karibu na ufukwe, haziliwi na kutu kwa kasi moja, na hilo ndilo linaloamua mambo mengi kabla hatujafika kwenye rangi.

Pauda ni unga mkavu. Bunduki inaupa chaji ya umeme, fremu inafungwa erthi, unga unarukia chuma na kunata. Kisha fremu inaingia kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 hivi, unga unayeyuka na kushikana kuwa tabaka moja la mikroni (sehemu za elfu za milimita) 60 hadi 100. Tabaka hilo ni gumu kweli. Kokoto, mnyororo, kiatu cha abiria, vyote vinapata tabu kulikwangua. Kwa ugumu peke yake, rangi ya kupuliza haifui dafu.

Lakini adui yetu huku pwani ni chumvi, na chumvi haihitaji kukwangua. Inatafuta tundu. Na pauda ina udhaifu mahali pabaya: kwenye kona za ndani, mabomba yanapokutana, umeme unauzuia unga usiingie vizuri, kwa hiyo tabaka linakuwa jembamba palepale ambapo maji na tope hukaa. Maji ya chumvi yakishapenya hapo, yanatambaa chini ya tabaka. Juu panang'aa, chini panaliwa. Niliwahi kuletewa Honda 110, ile iliyokuwa ikitumiwa na mabwana shamba, mali ya marehemu baba wa mteja. Ilipigwa pauda nyeusi mahali pengine na ilipendeza sana. Nilipogusa kwa bisibisi chini ya sanduku la betri, pauda ilibanduka kipande kizima, na chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeshatoboka. Ingekuwa rangi ya kupuliza, ingevimba na kupasuka mapema, mwenyewe angeona, tungetibu kidonda kikiwa kidogo.

Kwa hiyo pauda ninaikubali kwa fremu, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), stendi na vyuma vya kushikilia injini, kwa sharti kwamba chini yake kuna praima, yaani rangi ya kwanza, ya epoksi yenye zinki na kwamba chuma kimesafishwa hadi kiwe cheupe. Hapa ndipo kazi nyingi mjini zinapoharibikia. Kuna wanaosafisha chuma kwa kukipiga mchanga wa ufukweni kwa upepo wa kompresa: mchanga huo unabeba chumvi na kuipachika kwenye chuma kabla hata ya rangi, na vumbi lake linaua mapafu ya anayepiga. Dai ganeti, punje za madini za kupigia chuma badala ya mchanga. Halafu chuma kilichopigwa hakilali. Kwa unyevu wa Dar kinaanza kubadilika rangi ndani ya saa chache, kwa hiyo usikodi bajaji wakati wa masika uibebe fremu tupu kutoka Gerezani hadi viwandani Barabara ya Nyerere huku mvua ikiinyeshea. Ipigwe praima siku hiyohiyo, bila kuguswa kwa mikono mitupu.

Jambo jingine ni oveni. Nyingi zinaoka alumini nyembamba ya madirisha, na fremu ya chuma ni nzito, inachelewa kupata moto. Dakika zihesabiwe kuanzia chuma chenyewe kilipofika joto, si hewa ya oveni. Pauda isiyoiva inang'aa vilevile. Utaijua baada ya miezi, inapoanza kumeguka kingoni.

Kabla ya kupiga, ziba vikombe vya beringi za usukani, hesi zote, sehemu ya erthi, na nyuso zinazobanwa na boliti za injini, kwa sababu pauda nene ikibanwa inasinyaa taratibu na boliti inalegea. Ziba pia namba ya chasisi. Ikifunikwa isisomeke, utapata usumbufu usio na sababu siku ya kubadilisha umiliki TRA.

Tangi sipeleki kwenye oveni, hata mteja akisisitiza. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi kuukuu unaweza kulipuka. Fila, ile putti iliyoziba mibonyeo, haivumilii joto hilo, na tangi lililozibwa zamani kwa lehemu ya risasi na bati litaachia, maana lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kuna pia suala la sura. Honda CB750 ya 1969 ilitoka na rangi za kendi, yaani rangi inayopitisha mwanga juu ya rangi ya fedha, na kina kile kinapatikana kwa mikono myembamba ya kupuliza. Pauda mara nyingi inaacha uso wenye vijishimo kama ganda la chungwa. Hata BSA na Triumph za zamani, ambazo rangi yake iliokwa kiwandani, zilikuwa na tabaka jembamba. Ukizipiga pauda nene, kingo za viungio vyake zinapotea na pikipiki inaonekana mpya kwa namna isiyo yake.

Kwa tangi, madigadi na vifuniko vya pembeni, natumia rangi yenye hadina (kemikali inayoigumisha) na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, yenye hadina, kwa sababu petroli ikimwagika haiyeyushi. Hadina hiyo ina kemikali iitwayo aisosayaneti, inaweza kukupa pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Vaa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Napuliza zaidi miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Ekzosi haipati chochote kati ya hivi, inapata rangi ya silikoni ya joto kali.

Ndani ya mabomba ya fremu hakuna rangi inayofika, iwe pauda au ya kupuliza. Mimina nta ya kuzuia kutu, ugeuze fremu huku na huku, uache ichuruzike. Na ukiipeleka kuosha, uliza maji yanatoka wapi: visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi.