Ukipumzika umerudi mwanzo? Dhana za mazoezi tunazoambizana Mtwara

Kila Januari kikundi chetu cha jogingi hapa Mtwara mjini hujaa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wameshapanga mstari, viatu vipya, fulana mpya, kila mmoja na ahadi yake ya mwaka. Machi ikifika tunabaki wale wale wa siku zote. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wanaotoweka ni wavivu. Kisha nikakabidhiwa daftari la mahudhurio, na daftari likanionyesha kitu kingine: wengi wanaotoweka ndio waliokuja na moto kuliko wote. Walikimbia Jumatatu hadi Jumapili wiki tatu mfululizo, wakaanza kulalamikia magoti, wakapunguza, wakaona aibu, wakaacha. Nia haikuwaishia. Mwili ndio ulioishiwa kwanza, nia ikaufuata.

Sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi tunaowapokea, kwa maneno tunayowaambia. Nayaandika hapa jinsi tunavyoyasema, pamoja na ukweli wake.

“Siku moja tu ya kulala, umerudi mwanzo”

Hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, maana humfanya mtu aogope kupumzika kama anavyoogopa deni. Si kweli. Uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka kwa kiasi cha kuonekana baada ya siku 10 hadi 14 za kukaa bila zoezi lolote. Nguvu za misuli hudumu zaidi ya hapo, wiki tatu na kuendelea kwa mtu aliyekuwa na utaratibu mzuri. Siku moja haiondoi kitu. Siku mbili pia haziondoi kitu, na mara nyingi mtu hurudi siku ya tatu akiwa mwepesi kuliko alivyoondoka.

Tumtazame mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston, na Septemba mwaka huohuo akatuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo, kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti iliyobidi iamuliwe kwa picha ya mstari wa mwisho. Kati ya mbio hizo mbili kuna karibu miezi mitano. Wakimbiaji wa daraja lake hukimbia marathoni mbili hivi kwa mwaka, na hakuna atakayesema wamekosa ari. Wanajua kwamba mwili uliotumika kiasi kile unadai muda wake. Sisi wa kwenda Mikindani na kugeuza tunataka tuvunje rekodi yetu kila asubuhi.

Na kiasi kinachohitajika kwa afya si kikubwa kama tunavyotishana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nusu saa kwa siku tano imeshafika 150, na bado siku mbili ziko mkononi.

“Misuli inajengeka palepale unaponyanyua”

Unaponyanyua chuma au kupiga skwati unaichosha misuli na kuichubua kidogo kidogo kwa ndani. Ujenzi wenyewe unakuja baadaye, ukiwa umekaa, umekula, umelala: kazi ya kutengeneza protini mpya ya misuli hubaki juu kwa saa 24 hadi 48 baada ya zoezi zito. Kuirudia misuli ileile kesho yake kwa uzito uleule ni kumwaga zege leo na kupitisha lori asubuhi.

Kwa wanaoanza kuna hatari nyingine ambayo hatuisemi kabisa. Mtu ambaye hajafanya zoezi mwaka mzima akipigishwa skwati mia mbili siku ya kwanza, misuli inaweza kuharibika kiasi cha kumwaga vitu kwenye damu vinavyoziba figo. Akiona mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi, huku misuli imevimba na haina nguvu, aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kesho.

Mapumziko bila chakula ni nusu mapumziko. Akiba ya wanga iliyo ndani ya misuli, inayoitwa glaikojeni, ikimalizwa na mbio ndefu huchukua kama siku nzima kujaa tena, na hujaa kwa kula. Huku kwetu hakuna haja ya kuhangaikia makopo ya unga wa protini. Sahani ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ikichemshwa inarudisha wanga, mbaazi na samaki wanaleta protini. Ninaowahofia zaidi ni dada zetu wanaokimbia kila siku huku wakijinyima chakula ili wapungue haraka. Mwili ukipewa kazi bila chakula cha kutosha huanza kubana matumizi: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika. Nimemsikia mmoja akifurahi kwamba hajaona siku zake miezi mitatu, akidhani ndiyo kuwa fiti. Mdogo wangu, hiyo ni sababu ya kumwona daktari.

Usingizi nao ni chakula. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati mwili, hutoka kwa wingi ukiwa katika usingizi mzito. Anayelala saa sita usiku akaamka saa kumi ili asikose jogingi anajiibia mwenyewe.

“Maumivu ndiyo zoezi limekolea”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Yapo maumivu ya kawaida. Panda na ushuke mteremko wa Boma la Mikindani mara sita Jumamosi. Jumapili utaamka umekakamaa, na Jumatatu hata kukaa kwenye kigoda ni kazi. Watu husema ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Asidi hiyo, laktiki, huwa imesafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza kukimbia. Kinachouma siku ya pili ni ile michubuko midogo, na kushuka huileta kuliko kupanda, kwa kuwa misuli ya mapaja inabeba uzito wako huku ikivutwa. Maumivu haya hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, huuma miguu yote miwili, tena eneo pana, kisha hupoa yenyewe. Kutembea taratibu kunayatuliza.

Yale mengine ni tofauti. Mwaka juzi, nikijiandaa na mbio za kilomita 21, ugoko wangu wa kulia ulianza kuuma. Nikaambiwa nikaze, nami nikakaza. Kila alfajiri nilimeza diklofenaki moja, nikapaka dawa ya kuchua, nikatoka. Wiki tatu zikapita kabla sijamwonyesha mtu anayejua. Daktari hakuuminya mguu mzima. Aliweka kidole gumba chini ya goti, akakishusha taratibu juu ya mfupa, akiuliza tu, “Hapa? Hapa?” Kilipofika mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi mia, niliruka kitini. Juu yake kidogo hapakuuma, chini yake kidogo hapakuuma. Akaniambia nisimame niruke kwa mguu ule mmoja. Sikuweza.

Ulikuwa ufa mdogo wa mfupa, ule unaotokana na mshindo uleule kurudiwa kila siku bila mfupa kupewa nafasi ya kujikarabati. Nilikaa wiki nane bila kukimbia. Mbio zenyewe nilizitazama nikiwa kando ya barabara.

Nilichojifunza baadaye kilinieleza na lile daftari la mahudhurio. Moyo na mapafu huzoea kazi ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo wiki ya nne mtu anajikuta ana pumzi ya kwenda mbali, anaongeza kilomita, na miguu bado haijawa tayari kuzibeba. Huo ndio mwezi tunaompongeza kwa kasi yake.

Maumivu ya mahali pamoja, ya upande mmoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku, yasikimbiwe juu yake. Na dawa isimezwe ili mtu apate kukimbia: diklofenaki na ibuprofeni zinaficha maumivu tu, ufa unabaki palepale, na zikikutana na jua kali na upungufu wa maji zinaweza kuumiza figo. Walionihimiza walikuwa wakiniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli. Ila hakuna aliyesema ashinde ameinama.

“Vaa sweta, jasho ndilo mafuta yanayotoka”

Jasho ni maji na chumvi. Kilo iliyopotea kwa jasho hurudi na maji utakayokunywa. Kukimbia umejifunga nailoni tumboni kwa joto la Mtwara la Desemba, hewa ina unyevu hadi jasho halikauki mwilini, ni kujitafutia kuzimia barabarani.

“Shamba si mazoezi”

Kuna kaka mmoja kwenye kikundi chetu ambaye msimu wa kupuliza dawa mikorosho hushinda na mashine mgongoni tangu asubuhi, kisha jioni anakuja kukimbia kwa sababu, anasema, leo hajafanya mazoezi. Msimu wa kuokota ukifika ni hivyohivyo: kuinama na kuinuka mara mamia, kubeba magunia, halafu mbio. Mwili haugawi hesabu, hii ya shamba na hii ya jogingi. Zote unazilipa kutoka mfuko mmoja. Msimu wa korosho mbio mbili nyepesi kwa wiki zinatosha kabisa kulinda ulichojenga.

Ramadhani ni vivyo hivyo. Kati ya tarawehe na daku usingizi umekatwa vipande, na mchana hakuna maji. Zoezi jepesi karibu na kufuturu, au baada ya kufuturu chakula kikishashuka, linafaa. Kuongeza kasi na umbali kusubiri Idi ipite.

“Malaria itoe kwa jasho”

Hapana, tafadhali. Mwenye homa asikimbie, iwe ya malaria au ya mafua makali. Homa tayari inaupa moyo kazi ya ziada, na yapo maambukizi ya virusi yanayoweza kuugusa msuli wa moyo wenyewe. Maliza dozi, homa iondoke, hamu ya kula irudi, ndipo uanze kwa kutembea siku kadhaa. Malaria hupunguza damu, na damu ikipungua hewa haifiki kwenye misuli inavyotakiwa. Anayehema baada ya kilomita moja wiki moja baada ya malaria asiitwe legelege.

“Hamu ikipungua, jilazimishe”

Hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linapotosha. Kuna asubuhi ambazo ni uvivu tu. Ukishavaa viatu na kutembea dakika kumi unaondoka. Nikiwa na shaka hivyo ndivyo ninavyofanya. Dakika kumi zikiisha na mwili bado ni mzito kama nimejitwisha gunia, nageuza kwenda nyumbani.

Hamu iliyopotea wiki nzima ni jambo lingine, hasa ikija na usingizi mbovu, hasira zisizo na sababu, mafua yasiyokwisha, na kasi inayoshuka ingawa unajituma zaidi. Hapo mwili unaomba likizo. Kipimo chake hakina gharama: ukiamka, kabla hujanyanyua kichwa kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima, andika kwenye kalenda. Baada ya wiki mbili utaijua namba yako. Ikipanda mapigo saba au kumi juu ya kawaida kwa siku kadhaa, ama umezidisha, ama hulali vya kutosha, ama kuna ugonjwa unakuja. Kwa vyovyote, siku hiyo si ya kukimbia.

Wasiwasi wa wengi ni kwamba wakipumzika mazoea yatakatika, na wasiwasi huo ninauelewa. Kikundini tumeutatua kwa kuacha saa ileile na kubadilisha kazi. Jumatano na Jumapili hakuna anayekimbia, lakini saa kumi na moja na nusu tunakutana kama kawaida, tunatembea hadi ufukwe wa Shangani. Maji yakiwa yamekupwa mchanga huwa mgumu na unatembeka vizuri. Tunavua viatu, tunanyoosha vigimbi, tunasalimiana na kina mama wanaorudi kutafuta pweza. Saa moja tunakuwa tumerudi nyumbani kunywa chai. Mwaka huu, ilipofika Machi, mama mmoja mgeni aliyeanza nasi Januari alikuwa bado anakuja. Jumatano ndiyo siku ambayo hajaikosa hata moja.