Saitokini zinavyoipangia kazi seli T saidizi

Seli T saidizi ikitoka kwenye tezi ya thaimasi huwa haijapangiwa kazi. Inazunguka kati ya damu na tezi za limfu, ina protini ya CD4 juu ya utando wake, basi. Itakuwa askari wa aina gani, hilo huamuliwa inapokutana na antijeni yake (kitu kigeni inachokitambua, kama protini ya kijidudu), na mwamuzi mkubwa ni saitokini: protini ndogo ambazo seli hutoa ili kupeana taarifa.

Seli ya dendriti, ambayo kazi yake ni kuzionyesha seli T antijeni, huionyesha kipande cha antijeni; hiyo ni ishara ya kwanza. Kisha protini za juu yake, CD80 na CD86, hushikana na CD28 ya seli T; hiyo ni ya pili. Ishara ya kwanza ikija bila hii ya pili, seli hupooza. Zikija zote mbili huamka na kuanza kugawanyika, ila bado haina mwelekeo. Mwelekeo huletwa na saitokini. Ikinasa kwenye kipokezi chake, vimeng'enya vya JAK vilivyo upande wa ndani huzitia fosfeti protini za STAT. Hizo huungana mbilimbili, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni kuu, ile inayoamua aina ya seli.

Saitokini iitwayo IL-12 (IL ni interleukini) hupitia STAT4 na, ikisaidiwa na saitokini nyingine, interferoni-gama, huwasha jeni kuu ya T-bet. Hiyo ni Th1 (seli T saidizi aina ya 1), inayowapa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria waliojificha ndani yao, kama wa kifua kikuu. IL-4 hupitia STAT6 na kuwasha GATA3: ni Th2, ya kupambana na minyoo, na ndiyo hiyohiyo inayochochea mzio na pumu.

Wengi hukwama kwenye saitokini ya TGF-β. Ikiwa na IL-2 huwasha FOXP3, na seli inakuwa mtulizaji wa kinga, Treg. Ikiongezewa IL-6, STAT3 huwasha RORγt na tunapata Th17, inayoita nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, dhidi ya fangasi. Kwa hiyo kuuliza "TGF-β hufanya nini?" bila kutaja iliyo nayo ni swali nusu.

Kila upande hujiimarisha na kumkandamiza mwenzake. Th1 hutoa interferoni-gama, inayoongeza T-bet, na T-bet huizuia GATA3. Ndiyo maana maabara ikitaka Th1 huweka IL-12 pamoja na kingamwili ya kuzuia IL-4 tangu mwanzo, kisha hukuza seli kwa siku 3 hadi 5. Ukisahau kuizuia IL-4, utavuna mchanganyiko. Hata hivyo mipaka si ukuta: Th17 ikikutana na IL-12 inaweza kuanza kutoa interferoni-gama.

Hitilafu za kurithi zinaonyesha uzito wa kila njia. Mtoto asiye na kipokezi kizima cha IL-12 anaweza kuugua vibaya kutokana na chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo kwa wengine huacha kovu tu. STAT3 ikiharibika, Th17 hupungua na fangasi ya kandida hairudi nyuma. FOXP3 ikikosekana, kinga hushambulia utumbo, ngozi na kongosho la mtoto mwenyewe.