Kabla shule ya urubani haijalipia simuleta

Kazi yangu ni kuzishauri shule za urubani za Afrika Mashariki kuhusu vifaa vya mafunzo, na swali ninaloletewa mara nyingi zaidi ni la bei. Mwenye shule ameona simuleta, yaani kifaa cha ardhini kinachoiga ndege, yenye skrini pana inayozunguka chumba cha rubani, naye anataka kujua kama ina thamani ya dola anazotajiwa. Kabla ya kumjibu humuuliza jambo jingine: ni saa ngapi za mwanafunzi ndani ya kifaa hicho zitakazokubaliwa na mamlaka inayotoa leseni? Saa isiyokubaliwa hulazimika kurudiwa angani, kwa mafuta na kwa uchakavu wa injini, na hapo hesabu yote ya kuokoa gharama huvunjika.

Msingi wa hesabu hiyo ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Kinamtaka anayeomba idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vyombo vya ndani bila kutegemea kuona nje, awe na saa 40 za kuruka hivyo, na kinaruhusu 20 kati ya hizo zifanyike ardhini, au 30 iwapo kinachotumika ni simuleta kamili, ile inayoiga ndege nzima pamoja na mtikisiko wake. Juu ya msingi huo kila mamlaka huweka masharti yake. Ulaya, chini ya EASA, wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, kozi ya hatua kwa hatua ya idhini hiyo kwa ndege ya injini moja ina saa 50. Kifaa cha daraja la FNPT I, la chini kati ya madaraja ya vifaa vya mazoezi ya urubani na urambazaji, huhesabiwa hadi saa 20, ilhali FNPT II, la juu yake, huhesabiwa hadi 35. Marekani, FAA, mamlaka ya anga ya nchi hiyo, hukubali hadi saa 10 kwenye BATD, kifaa cha mafunzo cha msingi, na hadi 20 kwenye AATD, kifaa cha hali ya juu zaidi. Vifaa viwili vinavyofanana kabisa kwa macho vinaweza kutenganishwa na daraja la idhini peke yake. Tena, cheti cha FAA au EASA hakimfungi mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya TCAA nchini Tanzania wala ya KCAA nchini Kenya, kwa hiyo ninasisitiza kwamba mwenye shule apate jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka yake kabla ya kulipa hata malipo ya awali.

Baada ya hapo ndipo tunatazama kifaa chenyewe, na hapa nina msimamo mkali: simuleta ifanane na ndege ambazo shule inazo. Shule yenye Cessna 172 za vyombo vya mishale ikinunua simuleta ya skrini za kidijitali za Garmin G1000 kwa sababu inaonekana ya kisasa, humfundisha mwanafunzi kupeleka macho mahali ambapo, akiwa angani, hatakuta kitu. Mazoea hayo yakishajengeka, mkufunzi hutumia saa za ndege kuyabomoa. Uzito wa usukani na wa kanyagio una umuhimu uleule, kwa maana mwanafunzi aliyezoea usukani mlegevu hatajifunza kusawazisha ndege kwa gurudumu la trimu, linaloondoa uzito kwenye usukani, ambalo ndilo linalompunguzia kazi mikononi.

Kuhusu jukwaa linalotikisika kwa miguu sita, ushauri wangu ni kuliacha. Ni la simuleta kamili za ndege za abiria, ambazo bei yake hufikia mamilioni ya dola na ambazo huhitaji jengo lake. Simuleta ya shule hufanya kazi yake bora katika kuruka kwa vyombo, katika kukaribia uwanja kwa ILS (mawimbi ya redio yanayomwongoza rubani hadi kwenye njia ya kutua), na katika dharura ambazo hakuna mkufunzi anayepaswa kuzijaribu karibu na ardhi, kama injini kuzimika mara tu baada ya kuruka. Mkufunzi husimamisha kila kitu, akaeleza kosa, kisha akarudia. Kutua kwenyewe, ile sekunde ya kuinua pua karibu na lami, hufundishwa vizuri zaidi ndani ya ndege.

Historia inaunga mkono ubora huo wa simuleta katika kuruka kwa vyombo. Simuleta ya awali ya Mmarekani Edwin Link, ya 1929, haikumwonyesha mwanafunzi mandhari yoyote. Alifunikwa akabaki na vyombo tu. Jeshi la Marekani lilinunua mashine sita mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, na katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa kwa maelfu.

Gharama inayosahaulika ni ya utunzaji. Data za urambazaji hubadilika kila siku 28, nayo leseni ya kuzisasisha hulipiwa. Chumba kinahitaji kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, hasa Dar es Salaam na Mombasa, pamoja na betri za kutosha kuzima kompyuta kwa utaratibu umeme unapokatika. Mkataba utaje vipuri vitakavyohifadhiwa shuleni, muda wa fundi kufika, mafunzo ya wakufunzi, na sharti kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya mkaguzi kutia saini idhini ya kifaa hicho.