"Daktari, sisi tumeleta jicho tu"

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: kwamba jicho hujiumba lenyewe pale usoni, hivyo likiwa na kasoro, kasoro ni ya jicho peke yake. Mtoto ana koloboma, mboni imepasuka kwa chini kama tundu la ufunguo. Nikiandika apimwe moyo na masikio, mzazi ananiambia, "Daktari, sisi tumeleta jicho tu." Wengine hata hawaendi.

Jicho halijengwi na tishu moja. Wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, ubongo mchanga hutoa vifuko viwili, kimoja kila upande, vinavyotanuka hadi kugusa ngozi changa ya kichwa. Kifuko hutuma ishara, zikiwemo protini za BMP. Ngozi ile hunenepa, hubonyea ndani, kisha hukatika na kuwa lenzi. Ngozi nayo hutuma ishara zake, protini ziitwazo FGF, na upande wa kifuko unaoielekea huwa retina, tabaka la ndani linalopokea mwanga. Kuna na kundi la tatu: seli zinazohama kutoka ukingoni mwa mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Hizo huzunguka kifuko, husaidia kuamua wapi patakuwa na tabaka jeusi la nyuma ya retina, na hujenga sehemu kubwa ya konea, kioo cha mbele ya jicho.

Mwanasayansi Mjerumani Hans Spemann aliliona hili mwaka 1901. Alipoharibu chanzo cha jicho katika kiinitete cha chura, lenzi ya upande ule haikutokea. Baadaye ikaonekana kuwa katika aina nyingine ya chura lenzi hutokea hata hivyo, kwa sababu tishu jirani huanza kuiandaa ngozi ya kichwa mapema zaidi.

Sasa, seli zilezile zinazohama hushiriki kujenga uso na moyo. Ndiyo maana koloboma huweza kuandamana na matatizo ya moyo, masikio na pua, kama kwenye sindromu ya CHARGE, kundi la kasoro za kuzaliwa nazo zinazokuja pamoja. Si kila mtoto yuko hivyo, lakini kwa kutazama jicho pekee hutajua. Nendeni mkapime.

Eti mama alimcheka kipofu, au alishtuka mimba ikiwa na miezi 7? Hapana. Jicho linapoundwa huwa na ufa upande wake wa chini; ufa huo hufunga kati ya wiki ya 5 na ya 7, na usipofunga ndipo koloboma inapotokea. Wakati huo wengi hawajaanza hata kliniki. Mwacheni mama wa watu.

Wengine humeza vitamini A kwa wingi ili mtoto awe na macho mazuri. Upungufu wake ni hatari kweli: miaka ya 1930 huko Texas, mtafiti Fred Hale alimnyima nguruwe vitamini hiyo, nguruwe huyo akazaa watoto wasio na macho. Ila ikizidi nayo huharibu mimba. Kula mchicha na viazi lishe. Vidonge vya nguvu kubwa usiguse bila daktari.

"Jicho dogo litakua lenyewe, tusubiri." Msisubiri. Mfupa wa tundu la jicho hukua kwa kufuata ukubwa wa jicho. Jicho likiwa dogo mno, upande ule wa uso hubaki nyuma. Kuna kifaa cha plastiki tunachoweka kutanua tundu, na hubadilishwa mtoto anavyokua. Hufanya kazi vizuri akiletwa katika wiki za mwanzo, siyo akiwa anaanza shule.