Donge la damu mapafuni: kwa mzee usisubiri kichomi

"Damu iliganda mapafuni." Maneno haya nayasikia wodini, nayasikia msibani, na karibu kila mara hufuatiwa na mengine: "Lakini mzee hakuwa na kichomi wala kikohozi, ilikuwa ghafla tu." Mtu mmoja anaongeza kwamba umri nao ulikuwa umeenda, wengine wanaitikia, na mazungumzo yanaishia hapo. Naomba safari hii tusiishie hapo, kwa sababu mara nyingi dalili zilikuwepo, ila watu walikuwa wanaziangalia kifuani.

Kwa kifupi, hali hii ni kuzibwa kwa ateri ya mapafu, ule mshipa unaotoa damu upande wa kulia wa moyo na kuipeleka mapafuni ikachukue oksijeni. Kinachoziba ni donge la damu, na donge hilo kwa kawaida limetoka mbali. Hujitengeneza kwenye vena kubwa za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za mguu, paja au nyonga, likachomoka, likapanda na damu mpaka moyoni, na moyo wenyewe ukalisukuma mapafuni, ambako limekwama.

Zamani hata madaktari waliamini kwamba damu iligandia mapafuni hukohuko. Aliyewaonyesha vingine ni daktari Mjerumani Rudolf Virchow, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Alipopasua maiti alikuta madonge kwenye ateri za mapafu, na mengine kwenye vena za miguu. Akaingiza vipande vya mpira kwenye vena za mbwa, kisha akavikuta vimenasa mapafuni. Hiyo ilikuwa miaka ya 1840. Bado leo tunazungumza kana kwamba ni ugonjwa wa mapafu, na ndiyo maana tunasubiri mapafu yaseme kitu.

Sasa kichomi. Nyama ya pafu yenyewe haihisi maumivu. Inayohisi ni ngozi laini inayozunguka kifua kwa ndani. Donge dogo likifika pembezoni mwa pafu, sehemu ile hufa au kuvimba, ngozi ile inawashwa, na mgonjwa anachomwa kila akivuta pumzi. Donge kubwa hukwama mapema, kwenye mashina ya ateri, mbali na ngozi hiyo, kwa hiyo linaweza lisiume kabisa ilhali ndilo linaloweza kusimamisha moyo. Kutokuwa na kichomi hakumwondoi mtu hatarini. Na wazee ndio ambao mara nyingi hawana kichomi, hawatemi damu, wala hawana lile tukio la wazi ambalo lingemkimbiza kijana hospitali.

Wanachokuwa nacho ni kuzirai. Bibi anaanguka akielekea chooni, anazinduka baada ya muda mfupi, na nyumba nzima inasema presha imepanda. Hapo huenda presha imeshuka: njia ya mapafu imeziba, upande wa kushoto wa moyo umekosa damu ya kusukuma, na ubongo umekosa kwa muda. Akiwa ameumia katika kuanguka, watu wanahangaikia mkono uliovunjika, wala hakuna anayeuliza kwa nini alianguka.

Au anaanza kuhema. Hakohoi, ila akiwa amekaa kitini tu anavuta pumzi zaidi ya mara 20 kwa dakika, na anakata sentensi katikati ili avute nyingine. Hesabu ukiangalia saa, usikisie. Au anachanganyikiwa kwa siku moja: jana alikuwa anauliza bei ya unga, leo anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki. Familia inasema uzee umeanza kumpanda kichwani. Uzee haumpandi mtu kichwani kati ya jana na leo. Zaidi ya hapo, mzee anayemeza atenololi, dawa ya presha, anaweza kuwa na mapigo ya moyo yasiyokwenda mbio, kwa sababu dawa inayazuia, na homa ndogo ikijitokeza anaandikiwa dawa ya nimonia. Picha ya eksirei nayo inaweza kuonekana safi.

Kipimo cha damu cha D-dimer, kinachotafuta mabaki ya donge linalomumunyuka, nacho kina mtego wake. Kiwango chake hupanda kadiri mtu anavyozeeka, hata akiwa hana donge. Ndiyo maana kwa waliozidi miaka 50 madaktari wengi hutumia umri mara 10 badala ya kikomo cha kawaida cha mikrogramu 500 kwa lita, yaani mzee wa miaka 82 kikomo chake ni 820. Kinacholionyesha donge lenyewe ni picha ya CT ya mishipa ya mapafu.

Kuhusu "damu nzito", nitasema machache. Anayetibiwa donge hapewi vitunguu saumu na maji ya ndimu. Heparini, wafarini na rivaroxaban, ambazo mtaani huitwa dawa za kuyeyusha damu, haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue, huku mwili wenyewe ukilimumunya polepole, na ndiyo maana tiba huchukua angalau miezi 3. Na mguu mmoja ukivimba kwa mzee aliyelala kitandani, tafadhali msiukande wala msiuchue. Pimeni mashavu ya miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 inatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Mkikuta miguu iko sawa na bado anahema, mpelekeni vilevile, kwa kuwa wengi wenye donge mapafuni mguu wao hauonyeshi kitu.

Kwa hiyo ndugu, mkifika kwa daktari msianze na "hana kichomi". Anzeni na yaliyotangulia: amevunjika nyonga au amefanyiwa upasuaji lini, amelala kitandani wiki ngapi, ana saratani au hana, amewahi kuganda damu mguuni au la, na tangu saa ngapi anahema.