Kuona chini sio kwamba ni pafupi, jamani

Kiangazi hiki kila Jumapili fukwe za Kigoma ni nyomi, wageni wa Dar wapo, wanafunzi wa likizo wapo, na kila Jumapili lazima nisikie ile sentensi. Juzi ilikuwa zamu ya baba mtu mzima, anamsukuma mwanae, "Nenda tu, si unaona mpaka chini?" Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuogelea hapa mwisho wa reli, na hiyo sentensi imenichosha.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kweli, tunatamba nayo na tuna haki ya kutamba, siku ziwa limetulia unaona samaki anajipindua kwenye mawe huko chini. Ila mwanga ukitoka kwenye maji kuja kwenye hewa unapinda, kwahiyo jicho linaletewa chini ikiwa juu kuliko ilipo. Ukiwa kwenye mtumbwi unaangalia wima kabisa, mita 2 utaziona kama mita 1 na nusu. Robo nzima imeliwa, na hiyo ya wima ndio nafuu. Nani ufukweni anaangalia wima? Umesimama maji ya magoti unaangalia mbele kwa mshazari, na mshazari ukizidi ndio chini inazidi kupanda, matokeo yake unaona hapo ulipo ndio penye kina na mbele kama panapungua. Unasogea. Unakuta maji ya kiunoni, unashangaa kidogo, unaangalia tena mbele, bado panaonekana pafupi kuliko hapo ulipo. Yani unadanganywa upya kila hatua, na macho yako hayana ugonjwa wowote, ndio yanavyofanya kazi.

Kule Malagarasi inapoingilia ziwani maji ni ya tope, mtu haoni kitu, anapapasa kwa mguu kwanza kama kipofu (mamba wa huko ni mada ya siku nyingine). Tope lina heshima yake. Sisi uangavu umetunyima hata ule uoga wa kawaida.

Sasa weka hayo macho juu ya ziwa la bonde la ufa, mita 1,470 kwenda chini, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Sehemu nyingi za mwambao wetu hazina tambarare ndefu ya kuchezea, ni hatua chache halafu mteremko. Na wenyeji msicheke wageni, maana nyie ndio wabishi zaidi, "mimi mtoto wa Ujiji bwana, ziwa nalijua." Ulijua la zamani. Kuanzia 2020 maji yamepanda, ufukwe uliochezea utotoni umemezwa, pale ulipokuwa unasimama kifuani usishangae mguu usipogusa.

Mengine nayapitia haraka. Upepo wa kusini wa miezi hii, asubuhi kioo, baadae mawimbi, kwahiyo tyubu na boya la kupuliza sio chombo cha usafiri. Kichocho kipo, konokono anayekibeba hajali maji yakiwa masafi. Anayezama hapigi kelele, mdomo unatafuta hewa hauna muda wa kuita, na dakika haiishi ameshaenda, hivyo baba mwenye simu mkononi anayesema "ningemsikia" asingemsikia.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Sisi tunaanza na kuelea, mtoto alale chali atulie, ndivyo tunavyoelekezwa na mimi ndivyo nafundisha. Lakini naona wanafunzi wangu wakishajua kuelea wiki ya pili tu ndio wanaenda mbali kuliko wasiojua kabisa, asiyejua anabaki magotini. Huenda natengeneza ujasiri kabla sijatengeneza uwezo. Nimefikiria nisiwatoe kwenye maji ya kifuani mpaka waweze kugeuka na kurudi wenyewe, wazazi wanalalamika mtoto hajapelekwa kwenye kina na wamelipa. Bado sijaamua.

Ila la macho halina mjadala. Kabla mtoto hajaingia, ingia wewe, taratibu, na fimbo ndefu ya mti yoyote, pima mbele yako kila hatua, na mahali maji kwenye fimbo yanapofika kifua cha mtoto funga dumu tupu kwa kamba na jiwe. Hapo ndio mwisho wake, hata kama anaona mchanga.